Nilivyopelekwa Kibondo kwa Leseni ya Kuuza Maharage

Wenzangu wa jumuiya mmekuwa mkiniuliza nilipotelea wapi wiki ile, maana kwenye sala sikuonekana na mbuzi wangu walikamatwa shambani kwa katekista. Wengine nimewajibu nusunusu, kwa sababu nikianza kusimulia nakasirika upya, na mtu mwenye hasira anarukaruka, hasimulii vizuri. Sasa nimekaa chini niandike toka mwanzo hadi mwisho. Kuandika nimejifunza ukubwani, darasa la jioni, kwa hiyo pale mstari unapopinda mnisamehe. Hasira sitaiombea msamaha.

Sababu ya safari mnaijua. Soko letu jipya la Kagerankanda limeshaezekwa, na fremu ya pembeni, ile inayotazama bodaboda wanapoegesha, nilipangiwa mimi. Miaka yote nimeuza maharage nimekaa chini kwenye turubai. Mvua ikija turubai nafunikia maharage, mimi nalowa. Kamati ikatangaza kwamba kila mwenye fremu aje na leseni ya biashara kwenye kikao cha Ijumaa asubuhi, na asiye nayo fremu yake inakwenda kwa anayefuata. Anayefuata kwenye fremu yangu alikuwa ameshakuja kupima mlango kwa kamba. Nilimkuta anapima. Akanisalimia vizuri tu na kamba yake mkononi.

Leseni nilikuwa nimeshaiomba. Siku hizi haiombwi kwa karatasi, inaombwa kwenye mfumo, na kuna mama wa steshenari mjini Kasulu ndiye aliyenijazia: kitambulisho cha taifa, namba ya mlipakodi, mkataba wa fremu, kila kitu. Ikabaki ofisi ikubali. Wiki zikapita, mfumo unasema ombi linashughulikiwa. Nikaona Jumatatu ya wiki ile ile ya kikao niende mwenyewe nikaone linashughulikiwa na nani.

Jumatatu asubuhi nilipanda bodaboda mpaka barabara kubwa, kisha gari dogo mpaka Kasulu mjini. Njiani nilisali rozari, nikiomba tu nisikute foleni. Ofisi ile nikakuta foleni ni watu wachache, nikamshukuru Mungu mapema mno.

Ndani kulikuwa na bwana mmoja wa makamo, msaidizi wa afisa biashara, mgeni wa mkoa huu, kaletwa na kazi. Mimi nikaingia kama tulivyolelewa. Mwanamke wa Kiha haingii mbele ya mkubwa akasimama wima kama mlingoti wa bendera. Nikapinda magoti, nikapiga makofi yale ya taratibu, viganja vimekingamana, nikasema, "Mwidiwe." Kisha nikaweka na shikamoo ya Kiswahili juu yake, ingawa nadhani namzidi umri.

Hakuitikia hata moja. Akasema, "Mama, acha makofi, hapa si kanisani."

Nikaacha. Nikaeleza shida yangu. Akabonyezabonyeza kompyuta yake, akaniangalia, akarudi kwenye kompyuta.

"Umetoka kambi gani?"

"Sijatoka kambi ya wakimbizi, baba. Natoka Kagerankanda."

"Kagerankanda wanapiga makofi?"

"Wanapiga. Na Kibondo wanapiga, na Buhigwe wanapiga. Ndiyo salamu yetu."

"Kule kambini nako nimeona wanapiga hivyo hivyo," akasema, kama mtu aliyemshika mwizi. "Na hicho Kiswahili chako nakisikia."

Nikatoa kitambulisho cha taifa nikakiweka juu ya meza. Akakigeuza mbele na nyuma. Akasema siku hizi hata Warundi wanavyo. Akasoma pale penye mahali pa kuzaliwa, akakuta Kibondo, akatabasamu. Kibondo, anasema, si ndiko kwenye kambi? Nikamwambia kambi za kwetu zilikuja mimi nikiwa msichana wa kuchota maji, na Kibondo ilikuwepo kabla ya kambi na itakuwepo kambi zikifungwa. Akasema mimi nina maneno mengi.

"Nenda ulikozaliwa, mtendaji wa kijiji akuandikie barua kwamba anakutambua. Ukiileta, ombi linapita."

"Kikao cha fremu ni Ijumaa, baba."

"Basi wahi."

Hapo ndipo nilipokosea, na nasema hapa hapa msije mkarudia. Nilikubali. Nilisema asante. Nilipinda magoti tena nikatoka. Tumelelewa hivyo, mkubwa akisema nenda unakwenda, huulizi njia inaelekea wapi. Nilipofika nje kwenye jua ndipo hasira ikanipanda.

Na mtu asinielewe vibaya. Sikukasirika kwa kuitwa Mrundi. Warundi ni watu, lugha yetu na yao ni kama mtu na dada yake, na wa kambini wamenunua maharage kwangu miaka mingi, wao na Wakongo, tena wanalipa bila kelele kuliko wengine wa kanisani kwetu ambao sitawataja. Nilikasirika kwamba mtu ameishi kwetu, anakula ugali wetu wa muhogo, anapangishwa nyumba na Waha, na salamu yetu hajaiuliza hata siku moja ni salamu ya nani.

Jumanne alfajiri nilipanda basi la Kibondo. Nilikuwa nimelala kwa binamu yangu pale mjini, akaniazima sweta, maana nilitoka nyumbani nikijua nitarudi siku ile ile. Barabara sasa ni nzuri, sehemu kubwa lami. Tulipita Makere, tukaingia kwenye misitu, pande zote miti na mizinga ya nyuki imening'inia, kisha tukashuka mpaka mto Malagarasi. Wakati mwingine nikipita pale moyo unatulia. Siku ile nilikuwa napanga maneno ambayo ningemwambia yule bwana, mazuri kweli, yamekuja nikiwa nimeshaondoka.

Kabla ya Kibondo kuna kizuizi. Mnakijua, afisa uhamiaji anapanda ndani ya basi, kila mtu kitambulisho mkononi. Alipofika kwangu akakisoma, akaniangalia usoni.

"Mama unakwenda wapi?"

"Kibondo, nyumbani."

"Kufanya nini?"

"Kutafuta barua ya kusema kwamba mimi ni wa hapa."

Akacheka kidogo. "Na hiki nilichoshika ni nini?"

"Waulizeni wenzenu wa leseni za biashara."

Akanirudishia. "Safari njema, mama." Akaenda kiti cha nyuma.

Nililiwaza lile jambo. Huyu ndiye aliyesomea kutambua nani wa wapi, amevaa na sare yake, ameniangalia sekunde chache na ameridhika. Yule wa kupokea maombi ya maduka ndiye hajaridhika. Pembeni yangu alikaa mzee wa Kiislamu, mfanyabiashara wa vitenge sokoni Kibondo, ametusikia yote. Akasema, "Dada yangu, ungewaomba wakupe gari na dereva. Umetumwa na serikali kuitafutia serikali kitu ilichonacho."

Waliokaa mbele ya basi wote wakacheka. Na mimi nikacheka, ndiyo mara ya kwanza tangu jana yake. Mzee akaniuliza fremu ni ya biashara gani, nikamweleza, akaniambia maharage ya soya nisiyachanganye na ya kablanketi kwenye gunia moja, wateja wa mjini hawapendi. Kana kwamba sijui. Lakini aliniambia kwa upendo.

Kibondo tulishuka jua limepanda. Mji umekua, maduka yamefika mpaka karibu na njia ya hospitali. Sikukaa, nikachukua bodaboda mpaka kijijini, moja kwa moja kwa masenge, yaani shangazi yangu Felista, dada wa marehemu baba. Nilimkuta anaanika muhogo. Tukasalimiana ile ya kwetu yenyewe, makofi, mikono kushikana mpaka kwenye viwiko, kuulizana habari za watoto na za ng'ombe na za mvua, bila haraka. Ndipo nikamwambia kilichonileta.

Akaweka ungo chini.

"Wanasema wewe ni mgeni?"

"Wanasema masenge."

"Basi kama ni mgeni lipa. Karanga zangu zote ulizoniibia ukiwa mdogo, nilikusamehe kwa kudhani ni mtoto wa kaka. Kumbe nililea mkimbizi bila posho."

"Masenge, sina hamu ya utani leo."

"Mimi ninayo," akasema, lakini alikuwa ameshaingia ndani kubadili kitenge. Alipotoka uso ulikuwa mwingine kabisa. "Twende. Kitovu chako nimekizika kwa mikono hii. Nataka nimwone huyo mtendaji atakayesema hakujui."

Mtendaji wa kijiji nikakuta ni dada wa umri mdogo, amevaa hijabu, naye mgeni, anatokea pande za Tanga. Nikajiandaa kwa vita. Nikaingia nimesimama wima, makofi nimeyaficha, nimeshajifunza. Yule dada akainuka kitini.

"Shikamooni mama zangu. Karibuni mkae."

Kisha akamgeukia masenge, akapinda magoti, akapiga makofi yetu, kidogo anakosea mdundo, akasema, "Mwidiwe." Hakuna aliyemlazimisha. Alikuta watu, akajifunza salamu yao.

Nakiri macho yangu yalijaa maji, na kwa kuwa sikutaka kulia mbele ya mtumishi nikazidi kukasirika.

Alituambia ukweli kwamba mimi hanijui, hawezi kuandika anachokijua mwingine, kwa hiyo akamwita mwenyekiti wa kitongoji na jirani mmoja. Wakaja. Mwenyekiti nimesoma naye darasa la kwanza kabla sijaachishwa shule, akaniangalia akasema, "Si huyu Anastazia aliyeninyang'anya daftari?" Ushahidi ukatosha. Dada akaandika barua, akagonga muhuri. Ila alipokuwa anainyoosha mkononi hakunipa mara moja.

"Mama, naomba nikuulize. Hii barua wanaitaka ya nini kwenye leseni? Wengi hapa wameomba leseni, sijawahi kuandikia mtu barua ya namna hii. Ulisoma mahali wameiorodhesha?"

Nikamwambia sikusoma, nimeambiwa kwa mdomo.

"Na nani?"

Na hapo nikagundua hata jina lake sikuuliza.

Tulirudi na masenge nyumbani kwake. Tulipofika akaninawisha mikono, akanipa chakula, kisha akasema, "Ukirudi kule, wewe kaa. Usisimame, usiondoke. Kaa mpaka wachoke wao."

Jumatano niliikosa safari. Basi la asubuhi lilijaa kabla sijafika stendi, la mchana liliharibika hata kabla ya kutoka, tukashushwa, tukaambiwa subirini, tukasubiri. Ndiyo siku ile mliyokuwa mnasali bila mimi. Nilisali peke yangu kwenye benchi la stendi Kibondo, na nilimwambia Mungu wazi kwamba sijamsamehe yule bwana na asinilazimishe upesi. Nadhani alinielewa.

Alhamisi nilifika Kasulu mchana, kesho yake ndiyo kikao. Sikupita kwa binamu. Nilikwenda ofisini na vumbi langu. Yule bwana alikuwepo, na mlango wa ndani ulikuwa wazi, afisa biashara mwenyewe amerudi kutoka semina, anakunywa chai.

Nikaweka barua mezani. Yule msaidizi akaisoma, akasema, "Haya, sawa. Sasa uiache, nitaipitia, upite wiki ijayo."

Nikavuta kiti. Sikukaribishwa, nikakaa.

"Mama, nimesema wiki ijayo."

"Nimesikia. Ulisema nikileta ombi linapita. Nimeleta. Nasubiri lipite."

"Hapa kuna utaratibu."

"Baba, huo utaratibu umeandikwa wapi? Nionyeshe, nasoma. Nimesoma na watoto wangu mgongoni, herufi kwa herufi. Nionyeshe palipoandikwa kwamba anayeuza maharage Kagerankanda kwanza apelekwe Kibondo."

Sikupaza sauti. Watu wa foleni watakuambieni. Lakini walinyamaza wote, na ukimya ule ndio uliomtoa afisa biashara na kikombe chake. Akauliza kuna nini. Nikasimulia, kwa kifupi kuliko hapa. Akaichukua barua, akaisoma, akamtazama msaidizi wake.

"Nani kasema iletwe hii?"

"Nilikuwa najiridhisha tu, mkuu."

"Haimo kwenye masharti. Kitambulisho anacho, namba ya mlipakodi anayo, mkataba anao. Ombi limekaa kwako tangu lini?"

Msaidizi akasema mtandao ulikuwa unasumbua.

Afisa akainama juu ya kompyuta ile ile, akabonyeza. Nawaambieni alibonyeza mara chache tu, kama mtu anayezima taa. Simu yangu ikalia, ujumbe wa namba ya malipo. Nikatoka nikalipia kwa wakala pale nje, nikarudi, wakaichapa leseni. Jina langu, biashara yangu, Kagerankanda. Karatasi ikiwa bado ya moto.

Wenzangu, pale ndipo nilipokasirika kuliko siku zote tatu zilizopita. Ingechukua muda mrefu, ningesema basi, kazi ni ngumu. Ilichukua muda wa mtu kumaliza chai yake. Alikuwa anajiridhisha, anasema. Amejiridhisha kwa miguu yangu, kwa nauli yangu, kwa masenge wangu mwenye magoti mabovu kupandishwa kilima hadi ofisi ya kijiji. Nimlipie mimi kuridhika kwake.

Afisa alisema pole mama. Nikapokea pole. Nikamuuliza kama na yule atasema. Yule akasema, "Pole," akiangalia mashine ya kuchapa. Nimewahi kuambiwa pole na mtoto niliyemfinya aseme, inafanana.

Nikabeba mfuko wangu nikatoka, maana gari la mwisho la kwetu huondoka mapema na dereva hasubiri mtu. Ukumbini nikapishana na mama mmoja kijana, mtoto mgongoni, kitambulisho mkononi, anaingia. Nikasikia makofi yake nyuma yangu. Sikugeuka. Nikasikia sauti ya yule bwana, chinichini sasa kwa kuwa mlango wa mkubwa umefungwa: "Unatokea wapi, mama? Nyakitonto ya wapi?" Kisha, "Utaniletea barua ya ulikozaliwa."

Yule mama akakubali kwa Kiha, "Ego, baba. Asante." Akatoka haraka, anafunga mtoto vizuri kwa ajili ya safari.

Mimi gari langu nalisikia linapiga honi barabarani.

Nikamshika mkono. "Umezaliwa wapi, mdogo wangu?"

"Kakonko."

"Usiende."

"Amesema niende."

"Najua alivyosema. Mimi natoka huko alikonituma. Njoo tukae."

"Dada, atakasirika."

"Akasirike. Zamu yake."

Tukaingia wote wawili tukakaa kwenye viti vilevile, mtoto akaanza kulia, mama akampa ziwa pale pale mbele ya meza. Yule bwana akaniangalia mimi, akaangalia mlango wa mkubwa wake. Nikatoa rozari nikaanza matendo ya uchungu. Sikufika tendo la tatu kabla hajavuta kiti chake na kuanza kubonyeza.

Gari lilikuwa limeshaondoka. Ijumaa kabla ya mapambazuko nilichukua bodaboda kutoka mjini, baridi ile inayochoma masikio, na nilifika kikaoni wamekwishafikia fremu ya pembeni. Yule jamaa alikuwa amekaa mbele, na kamba yake mfukoni nadhani. Nikaweka leseni mezani, mwenyekiti wa kamati akaisoma kwa sauti, akaandika. Ndiyo maana sasa mnanikuta ndani, chini ya bati, na mvua ikija nabaki mkavu.

Katekista ameniambia nimsamehe yule bwana. Naendelea, polepole, sijafika. Lakini kitu kimoja nimekileta kutoka Kibondo nawagawia wote. Mtu wa ofisi akikuambia ukalete kitu, usipande gari. Muulize jina lake, muulize pameandikwa wapi. Asipokuonyesha, vuta kiti ukae. Ukiona unaogopa kukaa peke yako, nitumie ujumbe. Nitafunga duka nije nikae na wewe.